Ngurumo ya Kipupwe

Haikuwa zamani wala haikuwa kale; tope la siku hizo bado limo kwenye nyayo za viatu vyetu. Ilikuwapo nchi, sina haja ya kuitaja kwa kuwa wenyewe tunajijua, na nchi hiyo ilikuwa na amani nyingi kiasi kwamba ilibidi ilindwe kwa bunduki. Juu kabisa ya nchi hiyo, mahali ambapo ukungu hushuka mtoni kunywa maji pamoja na ng'ombe, ndipo ilipo wilaya yetu ya Kipupwe.

Mimi nakaanga maandazi. Kibanda changu kinatazamana na ofisi ya wilaya, na haya yote niliyaona kupitia moshi wa karai langu. Nikikosea mahali, laumuni moshi.

Mwaka huo Mtukufu Mlezi wa Taifa aliizawadia kila wilaya pikapu moja, na pikapu zote zilitumia mafuta ya mbono. Ni mbono huu huu tunaoujua, mti ambao mbuzi hauonji, ambao wazee wetu huupanda kuzunguka makaburi ili mifugo isije ikawakanyaga waliolala. Mtukufu Mlezi alikuwa amegundua kwamba nchi yetu ina makaburi mengi, na penye makaburi mengi pana mbono mwingi, na penye mbono mwingi hapana haja ya kuwapigia magoti mabeberu kwa ajili ya dizeli.

"Sasa hata wafu wetu," alisema katika hotuba yake, "watashiriki kulijenga taifa!"

Tulipiga makofi. Babu zetu hawakupiga, ila ukimya wao ulichukuliwa kuwa ni kukubali.

Pikapu zilizinduliwa mji mkuu, kule pwani, saa sita mchana, katika jua la kukaanga samaki juu ya jiwe. Mtukufu Mlezi alizungusha ufunguo kwa kidole kimoja, gari likanguruma papo hapo. Wataalamu wakasema hakuna haja ya jaribio jingine. Ya kwetu ililetwa ikiwa imebebwa juu ya lori la dizeli, imefungwa kamba na kuvishwa shada la maua.

*

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi redio ya taifa hurusha kipindi kiitwacho Taifa Linanguruma. Mtangazaji hupiga simu wilaya moja baada ya nyingine, dereva huwasha pikapu mbele ya simu, na nchi nzima husikia kwamba maendeleo yameamka.

"Wilaya ya Chumvini!"

"Ngrrrrrr!"

"Safi kabisa! Wilaya ya Mikorosho!"

"Ngrrrrrr!"

"Hongereni! Wilaya ya Kipupwe!"

Dereva wetu, Sengondo, alikuwa mtu mrefu, mwenye haya, ambaye hupiga hodi hata kwenye mlango wa gari. Alizungusha ufunguo.

Ki-ki-ki-ki. Ki-ki. Ki.

"Kipupwe? Tunawasikia mnakohoa, Kipupwe. Poleni. Wilaya ya Mchangani!"

Hakuna asiyejua kilichokuwa kinatokea. Mafuta yalikuwa yameganda. Hata ya kwangu huamka meupe karaini kama ugali uliolala, mpaka moto uyabembeleze. Na Mheshimiwa Kidawa, Mkuu wetu wa Wilaya, alijua kuliko sisi wote, maana kwenye dirisha la ofisi yake palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi ya nywele, aliyoianika juani kila asubuhi ili iyeyuke kabla hajachana. Chupa ile ilionekana mpaka sokoni. Lakini chupa ilikuwa jambo la kichwa chake, na pikapu ilikuwa jambo la serikali.

Alitoka nje siku hiyo, kilemba kimekaa upande.

"Sengondo, gari lina nini?"

"Mheshimiwa, ni bari..."

"Ni nini?"

Wiki iliyotangulia ulikuwa umetoka waraka kutoka mji mkuu ukisema mafuta ya taifa hayagandi. Tangu hapo baraza la wilaya lilikuwa likijadili kama jina Kipupwe lenyewe si uchochezi.

"Ni bahati mbaya, Mheshimiwa."

"Bahati mbaya si kosa," alisema Mheshimiwa Kidawa kwa faraja kubwa. Akarudi ndani kuangalia chupa yake.

*

Baada ya Kipupwe kukohoa redioni kwa wiki nzima, ikaletwa Tume ya Kuchunguza Kutowaka. Wajumbe waliondoka pwani baada ya kifungua kinywa, wakapanda milima yetu taratibu kwa ajili ya matumbo yao, wakafika saa sita mchana. Mwenyekiti alikuwa Profesa aliyevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Aliyafunga yote vifungo akatangaza kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Kisha akaanza kumhoji Sengondo kwa kufuata Mwongozo wa Kutambua Chanzo.

"Gari lipo?"

"Lipo, mkuu. Hili hapa."

"Usioneshe. Jibu tu. Dereva ana imani na gari?"

"Ninayo, mkuu."

"Kabla ya kugeuza ufunguo, dereva huwaza nini?"

Sengondo alitafakari. "Huwaza litawaka au haliwaki."

Wajumbe walitazamana kama watu waliookota kisu chenye damu.

"Anawaza haliwaki," alisema Profesa taratibu. "Andikeni. Na kwa nini gari limetazama bondeni?"

Hapo tulitamani kumsaidia. Kwetu Kipupwe kila chombo chenye magurudumu huegeshwa kikitazama chini. Ndivyo tulivyolelewa. Likigoma, unaliachia breki, watu wanalipa msukumo kidogo, mteremko unafanya yaliyobaki. Hata mikokoteni ya viazi tunaiegesha hivyo, nayo haina injini.

"Mkuu, huku kwetu gari likitazama chini, ukilisukuma..."

"Likitazama chini! Gari la taifa linainamisha kichwa kama aliyefiwa! Nani atawaka katika hali hiyo? Wewe ungewaka?"

Likageuzwa. Wanaume walilisukuma mpaka pua yake ikaelekea juu, kwenye mlima, yaliko maendeleo. Profesa akaingia, akazungusha ufunguo. Ilikuwa saa saba, jua limeikalia ile bodi tangu asubuhi, na mafuta yalikuwa mepesi kama uongo.

Ngrrrrrr!

"Gari halina ugonjwa," alisema Profesa huku akishuka. "Wagonjwa ni nyinyi."

Wakala maandazi yangu yote, wakaondoka kabla jua halijapungua, maana kulikuwa na hali ya hewa nzuri sana.

*

Gari lilibaki linanguruma. Sengondo alinyoosha mkono kulizima.

"Usiguse!" Mheshimiwa Kidawa alipiga kelele kutoka barazani. Alishuka ngazi polepole, uso ukimng'aa. "Sengondo, gari lisilozimwa huwashwa?"

"Haliwashwi, Mheshimiwa. Linakuwa limeshawaka."

"Basi."

Hivyo ndivyo tulivyolitatua tatizo letu. Kesho yake, saa kumi na mbili, ngurumo yetu ilisikika redioni nene, iliyoiva, isiyo na kikohozi hata kidogo. Wilaya nyingine zilikuwa zikinguruma kama mtu aliyetoka usingizini. Sisi tulinguruma kama mtu ambaye hakulala. Mtukufu Mlezi aliisikia akiwa anakunywa uji, akatutunuku nishani. Nishani ilitundikwa juu ya kioo cha mbele. Likajengwa banda, pazia la zambarau likawekwa mlangoni, na simu ikaning'inizwa kwa waya karibu na boneti ili sauti isipotee.

Watu wakaanza kuja na shida zao, maana hatukuwa na gari jingine la umma. Mmoja alitaka viazi vifike sokoni Bondeni kabla havijaoza.

"Gari likienda," Mheshimiwa Kidawa alimweleza kwa upole, kama anaongea na mtoto, "laweza kuzimika. Likikaa, haliwezi kuzimika. Sasa wewe unataka gari linaloenda, au unataka gari zima?"

Viazi vikaozea nyumbani kwa uzalendo.

Lakini gari linalonguruma usiku na mchana hunywa. Kinu cha kukamulia kiliwekwa nyuma ya ofisi, nasi tukapeleka mbegu. Mbegu zilipokwisha tukavuna zilizo mbichi, na vijiti vilipobaki vitupu vikakatwa, kwa kuwa wakamuaji walisema hata kijiti hakikosi tone. Makaburi yakabaki wazi. Mbuzi, ambao ni viumbe wasio na hotuba, wakaanza kulala juu ya babu zetu.

Sengondo naye hakutoka. Amri ilisema mguu wake usiachane na mafuta. Alilala humo akiwa amekaa, akanyoa ndevu kwa kioo cha pembeni. Nilipompelekea andazi nilimtania.

"Shemeji, wewe ndiye unayelilinda gari, au lenyewe ndilo linalokulinda?"

"Dada, mimi sasa ni kipuri. Siku wakibadilisha plagi wanibadilishe na mimi."

Namwita shemeji kwa sababu mkewe, Nakunda, tulicheza naye utotoni. Walikuwa wamekaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto, miaka ambayo mawifi walihesabu kwa sauti. Kisha, mwaka ule ule wa pikapu, Nakunda akashika mimba. Kila asubuhi alimletea mumewe chai, akipenya kati ya ukuta wa banda na mlango wa gari. Tuliijua mimba inavyokua kwa jinsi alivyopenya: kwanza akipita mzima mzima, kisha kwa ubavu, kisha akawa anasimama mlangoni kwenye pazia na kupitisha chupa ya chai kwa mkono.

"Anacheza?" Sengondo aliuliza siku moja, akipaza sauti juu ya injini.

"Anacheza! Akisikia gari lako anapiga teke!"

"Mwambie asipige. Litazimika."

Wakacheka. Ndiyo mara ya mwisho niliyowasikia wakicheka.

*

Asubuhi ambayo Mtukufu Mlezi mwenyewe alikuwa azungumze na Kipupwe redioni, tulipangwa mbele ya banda kabla jua halijatoka, tumevaa sare. Ndipo akaja Sista Ludovika, muuguzi wa zahanati, akikimbia bila viatu. Nyuma yake wanawake walikuwa wamembeba Nakunda kwenye blanketi.

"Mheshimiwa, damu inamtoka na mtoto amekaa vibaya. Kwangu sina chumba cha upasuaji. Ateremshwe Bondeni sasa hivi."

"Baada ya kipindi," alisema Mheshimiwa Kidawa, akirekebisha kilemba.

"Mtoto hasikilizi redio, Mheshimiwa."

"Sista, mimi pia ni mama. Ni dakika chache tu. Mwekeni nyuma ya gari, awe tayari. Mimi sikatai. Nani amenisikia nikikataa?"

Kweli, hakuna aliyemsikia akikataa. Wakampandisha Nakunda nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya mwisho ya mbegu yaliyokuwa yakisubiri kukamuliwa. Sista akapanda naye. Basi hali ikawa hivi: mgonjwa yumo garini, dereva yuko kwenye usukani, gari linanguruma, njia imeteremka nyeupe mpaka hospitalini. Hakuna kilichopungua isipokuwa kwenda.

Sengondo aligeuza shingo akamtazama mkewe kupitia kioo cha nyuma. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani imekauka kama mikono ya sanamu.

Simu ikaita. Mtukufu Mlezi alianza kwa kuwashukuru walioshukuriwa. Akaeleza historia ya mbono tangu enzi za mababu. Akasimulia utoto wake, jinsi alivyotembea kwenda shule bila gari, na jinsi kutembea huko kulivyomfundisha thamani ya gari. Jua likatoka. Damu ilikuwa imepata njia kati ya mbao za bodi, ikidondoka kwenye sakafu ya banda, juu ya zulia jekundu, kwa hiyo haikuharibu kitu.

"Sengondo," Sista aliita. "Sengondo, baba, twende!"

Sengondo alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akainua kidole: bado.

"...na hapo ndipo nilipojiuliza," ilisema simu, "maendeleo ni nini?"

Huku kwetu kuna desturi ambayo hakuna aliyeitungia amri. Aliye nyuma ya pikapu akigonga bati, dereva huondoka. Haulizi kwa nini, wala hatazami nyuma. Ndivyo wanavyoelewana wa nyuma na wa mbele, kwa kuwa injini haiwaachii kuongea.

Nakunda aliinua mkono akagonga bati.

Haukuwa mlio mkubwa. Mimi niliusikia kwa sababu nilikuwa karibu. Sengondo aliusikia kwa sababu ni dereva.

Aliingiza gia ya nyuma. Gari, ambalo tangu Tume iondoke lilikuwa halijagusa ardhi nyingine, lilitoka kinyumenyume na kuchana pazia la zambarau. Nishani ikaanguka. Likageuka, likatazama chini, likaondoka.

Simu ilibaki inaning'inia kwenye waya wake. Kwa hiyo nchi nzima, Chumvini, Mikorosho na Mchangani, ilisikia kitu ambacho redio ile haikuwahi kukirusha: ngurumo ikipungua, ikizunguka kona ya kwanza, ikififia, kama gari ambalo kweli linakwenda mahali.

Kisha kimya.

"Kipupwe?" iliuliza simu. Sauti ya Mtukufu Mlezi ilikuwa imeshuka kidogo. "Kipupwe, mbona mmenyamaza?"

Sijapata kumwona binadamu akibadilika rangi kama Mheshimiwa Kidawa. Alitazama banda tupu. Alitutazama sisi. Kisha akaisogelea simu, akafumba macho, akafungua kinywa.

"Ngrrrrrr," alisema Mkuu wa Wilaya.

Akatupungia mkono kwa nguvu. Alianza mwenyekiti wa baraza, akafuata mkuu wa polisi, kisha walimu, kisha sisi wengine. Tulinguruma. Tulinguruma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na simu ikasikiliza kwa muda mrefu.

"Sasa hii," alisema Mtukufu Mlezi, na nadhani alitokwa machozi, "hii ndiyo ngurumo! Ina kitu ndani yake. Ina utu!"

*

Nakunda alifika Bondeni akiwa hai. Mtoto, wa kiume, alifika akiwa ameshatangulia.

"Tungeondoka pale nilipokuja," Sista Ludovika aliniambia mlangoni kwangu, "mtoto yule angeku..." Lakini kengele ya zamu ililia, ikabidi tukimbie wote wawili.

Maana tangu siku ile tunanguruma kwa zamu. Kwanza ilikuwa asubuhi tu. Baadaye mji mkuu ukaomba ngurumo yetu itumike pia kabla ya taarifa ya habari. Wenye sauti nzito wako mbele, wenye kifua wako nyuma, na mwalimu wa kwaya anatuongoza kwenye kubadili gia.

Sengondo alirudi kwa miguu, amembeba mwanawe ndani ya kanga ya mkewe. Pikapu aliiacha uwanjani mwa hospitali, kule kwenye joto, na nasikia inabeba wagonjwa na inawaka kila ikiombwa. Hakuna anayeweza kwenda kuichukua. Kiserikali haijaondoka. Ipo bandani, na nchi nzima huisikia.

Hilo liliisumbua mahakama. Mtu hawezi kushtakiwa kwa kuondoka na gari ambalo lipo. Hakimu alifikiri sana, kisha akamfunga Sengondo kwa kosa la kuacha usukani wa gari linalonguruma.

Walimwacha azike kwanza. Mila inataka mzazi akate kijiti cha mbono kutoka kaburi la babu na kukichomeka kichwani pa mtoto. Sengondo alizunguka makaburi yote, kilima kwa kilima, kitongoji kwa kitongoji, askari wakimfuata. Hapakuwa na kijiti. Alirudi mikono mitupu, akasimama mbele ya udongo ule mdogo, akauliza kwa upole, kama anayepiga hodi, kama kuna mtu mwenye hata kipande kimoja. Tulitazama chini sote, kama magari ya Kipupwe.

Mbegu alizipata Nakunda, siku alipofua ile kanga. Zilikuwa zimenasa kwenye pindo, kutoka kwenye magunia aliyolazwa. Alizipanda kuzunguka kaburi. Askari alikuja kumkumbusha kwamba mbono wote ni mali ya taifa. Akamsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumwagilia. Zimeota. Sasa zinafika kwenye kifundo cha mguu.

Njia ya kaburini inapita mbele ya banda, ikipanda mlimani. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, Nakunda hupita na ndoo yake ya maji wakati sisi tumesimama mbele ya simu. Tangu msiba sijampa pole. Si mimi peke yangu. Hakuna mtu aliyempa. Ndoo ile hunguruma kidogo ikitikisika, na sisi tunanguruma zaidi.

Leo alisimama. Alitua ndoo, akatutazama mmoja mmoja: Sista Ludovika, mwalimu wa kwaya, mawifi zake, Mheshimiwa Kidawa ambaye nywele zake siku hizi hazichanwi, kisha mimi.

"Hamjambo?" alisema.

Simu ilikuwa wazi. Mtangazaji alikuwa ameshaitaja Kipupwe.

"Ngrrrrrr," tulimjibu.

Nakunda alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeitikiwa.

"Haya," alisema, akajitwika ndoo yake, akapanda.